Mashine ya Kuvunja Maziwa

Nilikuwa nimeshachoka kabla mashine haijafika. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu watu wakinisikia nikisimulia habari zake hudhani nilikuwa kijana mwenye hamu ya mambo mapya. Sikuwa. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke, niliyetoka kwetu Kondoa kwenda kubeba mataruma ya reli ya Wajerumani. Reli ilipofika Dodoma na kuendelea zake magharibi, mgongo wangu ulikataa kuifuata. Nikabaki, nikapata kazi kwa mzungu mmoja aliyejenga banda la mawe karibu na kisima, mwendo wa saa moja hivi kutoka stesheni, upande wa Nkuhungu.

Mzungu huyo alikuwa na ng'ombe wake wachache, na alitaka kutia maziwa kwenye chupa ayapeleke kwa treni mpaka Morogoro na pwani, kwa hospitali na kwa nyumba za wazungu wenzake. Mwanzoni tulifanya kazi hiyo kwa sufuria na moto tu. Lakini maziwa ya ng'ombe wa kule yana mafuta mengi. Chupa ikikaa siku mbili, mafuta hupanda juu na kuganda shingoni, na chini hubaki kitu chepesi cha rangi ya maji ya mchele. Treni nayo ikiyatikisa njia nzima, yanafika na mabonge ya siagi. Chupa zikawa zinarudishwa. Bwana akaandika barua Ulaya, na baada ya kungoja muda mrefu tukaambiwa twende stesheni kupokea masanduku matano.

Pamoja na masanduku alikuja fundi wa Kijerumani, mtu mfupi mwenye masharubu ya manjano, ambaye katika muda wote niliomjua hakuwahi kucheka mbele yangu wala kunipiga. Kwa siku zile, hilo la pili lilikuwa jambo kubwa. Kiswahili chake alijifunzia pwani na alikisema polepole, neno moja moja, kana kwamba analipima kabla ya kulitoa.

Tulivuta masanduku kwa mkokoteni wa ng'ombe. Moja lilikuwa zito hata tukalishusha kwa magogo, watu wanane, na bado lilimponda mwenzetu mmoja kidole cha mguu. Ndani yake kulikuwa na pampu yenyewe, chuma cheusi chenye matundu matatu mbele. Nilimwuliza fundi kazi yake ni nini. Alichukua kata ya maji, akajaza mdomo, akabana midomo mpaka mashavu yakavimba, akayatema ukutani. Maji yakatoka kama ukungu.

"Mashine inafanya hivi," alisema akijifuta masharubu. "Lakini mdomo wake ni wa chuma, na mashavu yake hayachoki."

Nilielewa. Maziwa yana matone ya mafuta, makubwa kwa madogo, na yale makubwa ndiyo yanayopanda juu. Ukiyasukuma maziwa kwa nguvu nyingi kwenye mwanya mwembamba kuliko unywele, matone hupasuka yakawa madogo sana, na yakiwa madogo hivyo hayana tena nguvu ya kupanda. Yanabaki yametapakaa ndani ya maziwa, juu sawa na chini.

Kuisimamisha kulituchukua karibu mwezi. Tulichimba shimo ndani ya banda, tukalijaza mawe na saruji, tukasimamisha bolti nne ndefu zikitokeza juu, tukaacha saruji ikauke siku nyingi huku tukiimwagia maji asubuhi na jioni. Mimi ndiye niliyekuwa nachota maji hayo kisimani, na kisima kilikuwa kirefu. Kisha tukaikalisha pampu juu ya bolti. Fundi akaweka pima maji huku na huku, akatia vipande vyembamba vya bati chini ya miguu ya pampu mpaka tone la hewa likatulia katikati. Alisema mashine iliyokaa upande hujila yenyewe. Ndipo tukakaza nati.

Nguvu ilitoka kwa injini ya mvuke iliyokuwa nje ya ukuta, ikizungusha gurudumu, na mkanda mpana wa ngozi ukaleta mzunguko ndani. Tulinyoosha uzi kutoka gurudumu moja hadi jingine ili mkanda usikimbie pembeni. Ndani ya pampu kulikuwa na pistoni tatu zinazopokezana. Moja ikivuta maziwa, ya pili iko njiani, ya tatu inasukuma, ili msukumo usikatike. Kila pistoni ilivaa pete za ngozi za kuzuia maziwa yasivuje. Mbele kabisa ndipo palikuwa na ule mdomo, yaani vali. Kipande kimoja cha chuma kigumu kimelala juu ya kingine, nyuso zake zimesuguliwa mpaka unajiona, na springi nene inakibana kutoka juu. Springi hiyo ilikazwa kwa gurudumu dogo la mkono. Pembeni palikuwa na saa ya kupimia nguvu, ambayo mshale wake ulipaswa kufika mia mbili na zaidi kidogo.

Siku ya kwanza tuliijaribu kwa maji. Fundi alinisimamisha mbele ya gurudumu la mkono akaniambia mambo matatu, na alinifanya niyarudie mpaka akaridhika. Usiiwashe mashine springi ikiwa imekazwa, maana maji yasipopata njia yatapasua kitu. Usiiache pampu ikauke. Na mshale ukitetemeka, ujue hewa imeingia, legeza upesi. Tukawasha. Mabomba yakagonga kama mtu anayepigapiga mlango, kisha hewa ikatoka na kelele ikawa moja. Nikakaza kidogo kidogo. Mshale ukapanda. Sakafu ikaanza kutetemeka chini ya nyayo zangu, na mtetemeko ule ukapanda mpaka kwenye meno. Nilipokwenda nyumbani alasiri, mke wangu alinisemesha mara mbili ndipo nikasikia.

Sasa kwa kuwa mashine ilikuwa kubwa, maziwa ya bwana hayakuitosha. Alinituma mimi kwenda kutafuta mengine, kwa kuwa nilikijua Kigogo tangu kambi za reli. Nilipewa chumvi na vitambaa, nikaelekezwa kwa mama mmoja mjane aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko wanaume wengi wa pale. Wanawake wa tembe za jirani walimfuata yeye, alichokubali, walikubali.

Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa tembe yake anasafisha vibuyu kwa kijinga cha moto. Nikamsalimu, "Mbukwa, mama," akaitikia bila kuinua kichwa. Nilieleza shida yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu, kama maziwa yake yatatiwa motoni. Alinieleza kuwa katika nyumba yao tangu bibi yake maziwa hayachemshwi, kwa sababu ukiyachoma maziwa unamchoma ng'ombe chuchu, naye hukauka. Sijui kama ilikuwa hivyo kwa Wagogo wote. Kwake ilikuwa hivyo.

Nilikuwa nimetembea juani tangu asubuhi, na nilijua nikirudi mikono mitupu bwana atanituma tena, mbali zaidi. Nikamjibu, "Hatuchemshi, mama. Tunayabana tu."

Akakubali. Kuanzia kesho yake walianza kuja, yeye mbele na wanawake sita au saba nyuma, vibuyu vichwani, kabla jua halijachomoza vizuri. Mke wangu ndiye aliyepokea maziwa mlangoni na kuyachuja kwa kitambaa mara mbili, maana punje moja ya mchanga ingekwaruza uso wa vali. Wakawa wanazungumza. Mama alimletea mke wangu mboga za mlenda zilizokaushwa, mke wangu akampa tumbaku. Hakuingia ndani ya banda hata siku moja, na mimi nilishukuru.

Kwa kuwa ndani tulikuwa tunayachoma. Maziwa yalikwenda kwanza kwenye pipa la shaba lililozungukwa na mvuke, yakapata moto mpaka kidole hakivumilii, ndipo yakaingia kwenye pampu. Mafuta ya maziwa baridi ni magumu, hayapasuki vizuri. Na baada ya kubanwa yalitiwa kwenye chupa, chupa zikazibwa na kutokoswa ndani ya tanki la maji. Kwa hiyo yalipita motoni mara mbili. Mwanzoni nilijiambia ile mara ya kwanza si kuchemsha hasa. Kwa ile ya pili sikuwa na la kujiambia.

Mke wangu alijua. Siku moja tunapasua kuni aliniambia nimwambie yule mama ukweli. Nikamwambia nitamwambia. Sikumwambia.

Badala yake nilifanya jambo la mtu aliyechoka, nikajaribu kuugeuza uongo uwe kweli bila kusumbua mtu. Fundi alikuwa amelala na homa, bwana amekwenda Kilimatinde. Nikatenga vibuyu vya yule mama peke yake, nikayapitisha maziwa yake kwenye pampu bila kuyatia moto, nikajaza chupa, nikaziweka kivulini. Nilifikiri labda itawezekana yake yawe yanapita hivyo, nami nipumzike moyo. Yalitoka meupe, mazuri, hayakupandisha mafuta. Nilikaa nikiyatazama kwa furaha. Jua lilipofika utosini nilifungua chupa moja nikaonja. Yalikuwa machungu, na harufu yake ilikuwa ya sabuni.

Fundi alikuja jioni akijifunika blanketi, akaona chupa, akaonja, akatema. Aliniuliza nilifanya nini, nikamweleza yote, na sababu yake. Alikaa juu ya sanduku. Alinieleza kwa Kiswahili chake cha kupima kwamba ndani ya maziwa mabichi kuna kitu kinachokula mafuta. Tone la mafuta likiwa zima lina ngozi yake, na kile kitu hakipati pa kuuma. Ukilipasua bila kulitia moto, umekimegea na kukiwekea mezani. Moto ndio unaokiua.

"Bwana akiuliza, vali ilivuja," alisema. Aliinuka, akashika ukuta. "Na yule mama usimwambie."

Hivyo nikawa na watu wawili, mmoja anasema mwambie na mwingine anasema usimwambie, na nilimtii yule ambaye kumtii kulikuwa rahisi.

Mwaka ukapita, na mwingine ukaanza. Sina mengi ya kusema juu ya siku hizo kwa sababu zilifanana. Asubuhi kuunga mabomba, kupitisha maji, kukaza, kusikiliza. Mchana kufungua kila kitu, kuosha kwa maji ya vuguvugu, kisha kwa magadi, kisha kwa maji yanayochemka, kwa maana tone moja la maziwa likibaki kwenye kona ya vali hunuka na kuharibu ya kesho. Pete za ngozi zilichakaa nikakata nyingine kwa ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa kwa mafuta. Lakini kilichonishangaza ni vali. Fundi alinionyesha akiigeuza juani. Uso wake, ambao mwanzoni ungeweza kujitazama ndani yake, ulikuwa na mifereji myembamba kama iliyochorwa kwa sindano. Nilidhani ni mchanga. Akasema mingine ni mchanga, lakini mingine ni maziwa yenyewe. Maziwa yakipita kwa kasi ile yanakata chuma.

Kila majuma machache nikawa nausugua uso ule upya juu ya kioo bapa, kwa unga laini na mafuta, nikizungusha mkono mpaka bega linakufa ganzi. Ukiacha uwe na mifereji, maziwa hupitia humo bila kubanwa na mafuta hupanda tena. Nilisugua, ukachakaa, nikasugua. Sikio langu la kulia, lililokuwa upande wa pampu, likaanza kulia kama panzi na halijanyamaza mpaka leo.

Kisha mvua zikakosekana. Vumbi la Dodoma linajulikana hata mwaka mzuri. Mwaka ule lilikaa hewani mchana kutwa. Majani yakaisha karibu, wafugaji wakapeleka ng'ombe mbali. Vibuyu vikaja nusu, kisha robo. Wanawake sita wakawa watatu. Mwisho akawa anakuja yule mama peke yake, na kibuyu kimoja kisichojaa.

Asubuhi moja alikuja bila kibuyu. Mke wangu alinifuata ndani akaniambia ananitaka. Nikamwachia mwenzangu gurudumu, nikatoka huku nikijifuta grisi. Alikuwa amesimama, hakutaka kukaa. Alisema ng'ombe wake wanne wamekufa na waliobaki wamekauka, hata wale wenye ndama. Alisema amewauliza wazee wa ukoo wake, nao wamemwuliza maziwa yanakwenda wapi, na hakuwa na jibu. Kisha akaniangalia usoni. Sikumbuki kama aliwahi kuniangalia hivyo kabla.

"Wewe uliniambia mnayabana tu," alisema. "Nakuuliza tena."

Ningeweza kusema tena uongo ule. Ulikuwa tayari mdomoni, na nilikuwa nimeuzoea. Lakini nilikuwa nimechoka kuubeba pamoja na mengine.

"Tunayatia moto, mama," nikasema. "Tangu siku ya kwanza."

Hakupiga kelele. Aliniomba nimwonyeshe. Nikampitisha ndani, akaona pipa la shaba, akaweka kiganja juu ya mvuke akakiondoa. Akaona tanki la chupa linatokota. Mbele ya pampu alisimama muda mrefu, akiangalia mshale na pistoni zikienda na kurudi. Nilijaribu kumweleza kwamba ukame umeua ng'ombe kila mahali, hata wa watu ambao hawajawahi kutuletea maziwa, hata wa bwana mwenyewe. Yote hayo yalikuwa kweli. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza siku ya chumvi na vitambaa.

"Labda ni jua," alisema tulipotoka nje. "Labda si jua. Lakini mimi nilikuuliza nikiwa na ng'ombe, ukanijibu, na nimekuja kila siku kwa miguu yangu mwenyewe."

Alimuaga mke wangu kwa kumshika mikono yote miwili. Mimi hakuniaga. Mke wangu akarudi kuosha vitambaa.

Habari zilienea, na mvua iliponyesha mwaka uliofuata na majani kuota, vibuyu havikurudi kama zamani. Bwana aliniuliza sababu nikamwambia ng'ombe wamepungua. Tuliendesha mashine siku mbili kwa juma, kwa maziwa yake mwenyewe na ya watu wachache wa mbali. Kisha vita vya wazungu vikafika. Fundi aliitwa jeshini. Alinikabidhi spana zake zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta, akanionyesha kwa kidole sehemu za kupaka grisi, akaenda stesheni kwa miguu. Injini ya mvuke ikachukuliwa na serikali. Pampu ikabaki imeshikwa na bolti zake nne, mkanda umelegea. Kwa majuma kadhaa niliendelea kuipaka grisi bila kuulizwa na mtu, mpaka bwana naye akaondoka na hapakuwa na wa kunilisha.

Kabla ya kurudi Kondoa nilikwenda kwa yule mama. Mke wangu alisema twende wote, lakini njiani alinitangulia, akaingia tembeni bila mimi. Nilisubiri nje. Baada ya muda mama alitoka na kibuyu mkononi, akenda zizini. Alikuwa na mtamba mmoja aliyezaa na mwingine mwenye mimba. Ndama alikuwa anasukuma kichwa akitaka kunyonya.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi tangu nyumbani. Nilipoanza kuyasema alinikatiza.

"Mshike huyo ndama," alisema.

Nikamshika shingoni. Alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani, na bega langu liliuma. Mama alichuchumaa akakamua, mikono miwili ikipokezana, maziwa yakipiga ndani ya kibuyu. Alikamua kidogo tu, akamwachia ndama sehemu yake. Akaniambia nimwachie, nikamwachia. Kibuyu akampa mke wangu kwa ajili ya safari, akamwambia ayanywe yakiwa mabichi, siku ileile. Kwangu aligeuka akauliza njia ya Kondoa ina maji siku hizi au haina. Nikamwambia sijui. Akasema afadhali tuondoke basi, jua lisije likatukuta mbugani.

Tulitembea siku kadhaa. Mke wangu alinywa maziwa yale mchana wa siku ya kwanza, akanipa nusu, nikanywa. Kondoa nilipewa shamba na kaka zangu, nikalima. Mjini Dodoma nilirudi baada ya miaka mingi, kwa shughuli nyingine, Waingereza wakiwa ndio wenye nchi, na nikapita upande ule. Banda lilikuwa limebomolewa mawe yake. Watu wa pale waliniambia mama yule alikufa mzee, akiwa na ng'ombe, na binti zake wapo. Sikuwatafuta. Nilikaa kidogo juu ya ile saruji iliyobeba pampu zamani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kwenye kivuli cha mti, nikapumzisha miguu, nikaenda zangu stesheni.